Luther, Tauler na Kinyozi: Historia ya Kutafakari Iliyosahauliwa

Katika sharika zetu husikika semi mbili ambazo kwa juu juu hazihusiani. Wa kwanza husemwa kiongozi wa ibada anapowaacha watu wakae kimya kidogo baada ya somo: mambo ya kukaa kimya ni ya Wakatoliki, sisi ni watu wa Neno. Wa pili husemwa mchungaji kijana anaporudi kutoka chuoni: huyu amesoma sana, tumwombee asipoteze imani. Mimi ni mchungaji ninayefundisha katika chuo cha theolojia, kwa hiyo huwa naisikia yote miwili, wa kwanza kabla sijashuka madhabahuni na wa pili nikiwa mlangoni nawapa watu mkono.

Nyuma ya semi hizo kuna wazo moja: kwamba kumjua Mungu kwa kusoma na kumjua kwa kupiga magoti ni njia mbili zisizokutana, na kwamba Martin Luther alishika moja akaiacha nyingine. Ningependa kumwonesha msomaji kwamba historia haisemi hivyo. Kwa zaidi ya miaka mia moja sasa watafiti wamekuwa wakifukua mizizi ya Luther katika sala ya ndani, ile ambayo wataalamu huiita mistiki. Neno hilo lina kelele nyingi, nami nitalitumia kwa uchache. Walichofukua kinatuhusu, maana kilichokuwa kimefunikwa ni mali ya Kanisa letu wenyewe.

Luther aliingia monasteri ya Waaugustino mjini Erfurt mwezi Julai 1505. Hilo tunalijua tangu darasa la kipaimara. Tusilolifikiria sana ni maisha yenyewe ya mle ndani. Watawa waliamka usiku kuimba Zaburi, wakaziimba tena mchana kwa saa zilizopangwa, wiki baada ya wiki, hadi Zaburi zikakaa kinywani zenyewe. Kusoma Maandiko kwa namna hiyo si kama kusoma gazeti. Mtu alisoma kwa sauti ya chini, akarudia, akalitafuna neno kama ng'ombe anavyocheua. Mfano huo wa kucheua ni wa zamani sana katika Kanisa. Katika karne ya 12 mtawa mmoja wa Kikartusi, Guigo wa Pili, aliipanga njia hiyo kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na juu kabisa kumtazama Mungu katika utulivu. Luther alilelewa katika desturi hiyo. Baadaye aliandika kwa ukali dhidi ya nadhiri za utawa, lakini kulitafuna Neno hakukuacha.

Kati ya mwaka 1515 na 1516, akiwa tayari daktari wa theolojia anayefundisha Wittenberg, alikuwa na kitabu cha mahubiri ya Johannes Tauler kilichochapwa Augsburg mwaka 1508. Tauler alikuwa Mdominiko wa Strasbourg aliyefariki mwaka 1361. Alihubiri kwa Kijerumani, si kwa Kilatini, mbele ya masista na watu wa kawaida, tena katika zama ngumu. Ugomvi kati ya Papa na Kaisari Ludwig wa Bavaria ulikuwa umesababisha ibada kufungwa katika miji mingi, na mwaka 1349 tauni ikaipiga Strasbourg. Watu wanaozika kila siku hawana haja na theolojia ya mapambo. Tauler aliwaambia kwamba Mungu hufanya kazi yake chini kabisa ya nafsi, mahali ambapo mtu ameishiwa nguvu zake mwenyewe, na kwamba kujiona mtupu mbele za Mungu si dalili ya kuachwa naye.

Nakala ile aliyoisoma Luther haikupotea. Imehifadhiwa Zwickau, Ujerumani, na pembeni mwa kurasa kuna maandishi ya mkono wake kwa Kilatini. Kwa mtafiti huo ni ushahidi wa thamani ya pekee, kwa sababu mtu anayeandika pembeni mwa kitabu chake hamhutubii yeyote wala hajitetei kwa yeyote. Mahali pamoja Luther anaandika kwamba hubiri lote alilolisoma linatoka katika theolojia ya fumbo, na kwamba theolojia hiyo ni hekima ya kuonja, si ya kufundishwa tu. Mahali pengine anaandika kwamba wokovu wote ni mtu kuyaachilia mapenzi yake katika kila jambo, la kiroho na la kimwili, na kubaki na imani iliyovuliwa kila kitu kingine.

Sisemi kwamba fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani lilitoka kwa Tauler. Lilitoka kwa Paulo. Lakini Luther alipokuwa akimsoma Paulo mezani, Tauler alikuwa amefunguliwa pembeni. Katika miaka hiyohiyo alifundisha Waraka kwa Warumi, na alipofika sura ya 8 mstari wa 26, pale Roho anapotusaidia sisi tusiojua kuomba ipasavyo, aliwaeleza wanafunzi wake kwamba Mungu mara nyingi hutenda kinyume cha tunachoomba ili atupe tunachohitaji, kisha akawaelekeza kwa Tauler. Hili lilikuwa darasa la chuo kikuu. Hakuwaambia wafunge vitabu kwanza ndipo waanze mambo ya kiroho.

Desemba 1516 alimwandikia rafiki yake Spalatin akimsihi ayatafute mahubiri ya Tauler. Mwezi huohuo alitoa kijitabu cha Kijerumani kisicho na jina la mwandishi, alichokiona kuwa cha ukoo mmoja na Tauler. Mwaka 1518 akapata nakala kamili, akaichapa, nacho kikajulikana tangu hapo kama Theologia Deutsch, yaani theolojia ya Kijerumani. Katika dibaji alisema kwamba ukiiondoa Biblia na Augustino, hakuna kitabu kilichomfundisha zaidi ya hicho habari za Mungu, Kristo na mwanadamu. Tuzingatie wakati: hoja 95 zilikuwa zimetoka miezi michache nyuma, Roma imekasirika, na daktari Luther anapata nafasi ya kuchapa kitabu cha sala. Mwaka huohuo, akizifafanua hoja zake, aliandika kwamba amekuta kwa Tauler theolojia imara na safi kuliko kwa walimu wote wa vyuo vikuu.

Mwanahistoria Volker Leppin wa Ujerumani amekwenda mbali zaidi. Anadai kwamba hata hoja ya kwanza kati ya zile 95, ile inayosema toba ni jambo la maisha yote ya mwamini na si tendo la siku moja mbele ya padri, inabeba mwangwi wa mahubiri ya Tauler. Wapo wanaoona amevuta kamba sana. Mimi naona ana haki kwa sehemu kubwa, kwa sababu toba ya kila siku ndiyo hasa Tauler aliyokuwa akiihubiri, na Luther alikuwa ametoka tu kuisoma, kalamu mkononi.

Hata hivyo, Luther hakuyachukua yote, na hapa tusirahisishe mambo. Kulikuwa na maandiko ya zamani yaliyopewa jina la Dionisio wa Areopago, yaliyofundisha jinsi roho inavyopanda hatua kwa hatua hadi kuingia katika giza aliko Mungu. Mwaka 1520 Luther aliyakataa hadharani, akisema mwandishi huyo anamfuata Plato kuliko Kristo. Hakukubali mwanadamu ampandie Mungu kwa ngazi, kwa kuwa Mungu ameshuka yeye mwenyewe hadi horini na msalabani. Anayemtafuta kwa kupanda anaweza kupishana naye njiani.

Mwaka 1539 maandiko yake ya Kijerumani yalipoanza kukusanywa na kuchapwa, aliandika dibaji iliyoeleza jinsi mtu anavyokuwa mwanatheolojia. Aliitoa njia hiyo katika Zaburi ya 119, nayo ina mambo matatu: kuomba, kutafakari, na majaribu. Tuyalinganishe na vidato vya Guigo. Kuomba kumesogea mbele, kwa sababu mbele ya Maandiko akili ya mtu haijitoshelezi, sharti apige magoti chumbani mwake amwombe Roho Mtakatifu awe mwalimu. Kutafakari kumebaki, lakini Luther anasisitiza kwamba si kwa moyo peke yake. Ni kwa kinywa na kwa kitabu: kulisema neno, kulirudia, kulisugua kama mtu anavyosugua jani la dawa hadi litoe harufu, wala asidhani kwamba kulisoma mara moja au mbili kumetosha. Na pale juu, Guigo alipoweka utulivu wa kumtazama Mungu, Luther ameweka majaribu.

Mtafiti Martin Nicol, aliyetoa mwaka 1984 kitabu kizima kuhusu kutafakari kwa Luther, ni mmoja wa waliotufungua macho kuona jinsi njia hii ilivyojengwa kwa mbao za monasteri ile ya zamani. Badiliko la mwisho ndilo zito. Luther anasema majaribu ni jiwe la kupimia dhahabu. Ndiyo yanayomfundisha mtu, si kujua na kuelewa tu, bali kuonja jinsi Neno la Mungu lilivyo kweli na tamu na lenye nguvu. Huku ni kujua, na ni kujua kwa namna ambayo mtihani wa muhula hauwezi kukupima. Mjane anayeishika ahadi ya Mungu mwaka wa tatu baada ya mazishi anajua jambo ambalo mwanafunzi wangu aliyepata alama za juu bado hajalijua. Lakini mjane huyo anaishika ahadi iliyosomwa, iliyohubiriwa, iliyotafsiriwa na watu waliojifunza Kiebrania na Kigiriki. Luther hakumruhusu yeyote kati ya hao wawili amdharau mwenziwe.

Kwa nini basi tuliambiwa kwamba haya si yetu?

Sababu ya kwanza ilitokea Luther angali hai. Thomas Müntzer naye alikuwa msomaji wa Tauler. Yeye alifikia kufundisha kwamba Roho husema moja kwa moja ndani ya mteule, na kwamba wanaotegemea Neno lililoandikwa wanashika karatasi. Mwaka 1525 aliwaongoza wakulima katika vita huko Frankenhausen. Waliuawa kwa maelfu, naye akakatwa kichwa. Tangu hapo Luther aliogopa sana sauti ya ndani isiyofungwa kwenye Neno la nje na Sakramenti, na baada yake hofu hiyo ikawa kubwa kuliko yake. Kwa sehemu ni hofu ya haki. Hata leo tunawajua watu waliouza mashamba kwa sababu nabii fulani alisikia sauti usiku.

Hata hivyo mto haukukauka. Johann Arndt, mchungaji Mlutheri aliyefariki mwaka 1621, aliichapa upya Theologia Deutsch, kisha akaandika vitabu vyake vinne vya Ukristo wa kweli, kati ya mwaka 1605 na 1610. Vilisomwa nyumbani kwa wakulima wa Ujerumani na Skandinavia pamoja na Biblia na kitabu cha nyimbo. Mwaka 1675 Philipp Jakob Spener aliandika kijitabu cha kutaka Kanisa lihuishwe, kikiwa dibaji ya mahubiri ya Arndt, na humo akapendekeza wanafunzi wa theolojia wasomeshwe Tauler na Theologia Deutsch. Hilo huwa nawasomea wanafunzi wangu mwanzoni mwa mwaka. Kutoka kwa Spener uamsho ulifika Halle kwa August Hermann Francke, na mwaka 1706 vijana waliotoka katika mkondo huo walitua Tranquebar, India, wakiwa wamisionari wa kwanza wa Kilutheri huko. Kazi ya Tranquebar baadaye ilirithiwa na Misioni ya Leipzig. Na hao wa Leipzig ndio waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Babu zetu walioshikishwa sala za asubuhi na jioni na kufundishwa kusoma fungu la Biblia kabla ya kwenda shambani walikuwa wakinywa maji ya mto huu, hata kama hakuna aliyewatajia jina la Tauler.

Sababu ya pili ya kusahau ilitoka kwa wasomi wenyewe, katika karne ya 19. Albrecht Ritschl, mwanatheolojia wa Göttingen, aliandika historia ya uamsho wa Kilutheri kwa juzuu tatu, kati ya mwaka 1880 na 1886. Ndani yake alihukumu kwamba sala ya ndani ya aina hii ni mabaki ya utawa wa Kikatoliki yaliyojipenyeza kwetu. Adolf von Harnack, mwanahistoria mkubwa kuliko wote wa wakati wake, naye aliiona mistiki kuwa ni uchaji wa Kikatoliki kwa asili. Kwao dini ya Luther ilikuwa imani ya mtu huru inayozaa maadili mema na kazi ya uaminifu. Watu hawa hawakuwa wajinga. Walikuwa wakiishi katika Ujerumani ya Bismarck, iliyokuwa katika mapambano na Kanisa Katoliki, na ilipendeza kuwa na Luther asiyedaiwa chochote na Wakatoliki. Wachungaji waliosoma katika vyuo vya zama hizo walikwenda na wazo hilo kila walikotumwa. Naamini usemi ule wa kwanza tunaousikia katika sharika zetu una mizizi yake hapo, zaidi kuliko kwa Luther.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa karatasi za zamani. Mwaka 1883, miaka 400 tangu Luther azaliwe, ulianza kutolewa mkusanyo kamili wa maandiko yake huko Weimar, kazi iliyokamilika mwaka 2009 ikiwa na juzuu zaidi ya 100. Yale maandishi ya pembeni mwa Tauler yakatiwa chapa. Kisha likatokea lile la masomo ya Warumi. Kwa karne nyingi masomo hayo ya 1515 na 1516 hayakuwahi kuchapwa. Mwishoni mwa karne ya 19 nakala yake ilionekana katika maktaba ya Vatikani, si kwingine! Utafutaji ulipoendelea, ikagundulika kwamba daftari lenyewe la mkono wa Luther lilikuwa Berlin, katika maktaba ya kifalme, limewekwa kwenye sanduku la kioo ili wageni walitazame. Watu walikuwa wakipita na kulitazama bila mtu kulisoma. Johannes Ficker alilitoa likachapwa mwaka 1908, na kizazi kipya kikamkuta Luther ambaye hawakumjua: kijana, anayeugua, anayemnukuu Tauler darasani. Kutokana na chemchemi hiyo Karl Holl wa Berlin na wanafunzi wake walianzisha uamsho mpya wa utafiti wa Luther katika miaka ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Hata hao hawakuupenda sana upande wa sala ya ndani. Ilibidi kungoja hadi Agosti 1966, watafiti wa Luther wa dunia walipokutana Järvenpää, Ufini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefungwa Desemba iliyotangulia, na sasa Erwin Iserloh, Mkatoliki, alizungumzia Luther na mistiki katika mkutano mmoja na Waprotestanti. Mholanzi Heiko Oberman alionesha hapo kwamba swali la kama Luther alikuwa mtu wa mistiki au la lilikuwa limeulizwa vibaya. Inafaa kuuliza ni kipi alichukua, kipi alikataa, na kipi alikigeuza. Oberman alishika maneno mawili ya Luther mwenyewe: kuugua na kunyakuliwa. Mwamini, alisema, yumo katika yote mawili kwa wakati mmoja. Haugui leo ili anyakuliwe kesho akishakomaa. Anaugua kama mwenye dhambi, na katika kuugua huko huko Kristo amekwisha kumshika. Ni muundo uleule wa mwenye haki aliye bado mwenye dhambi, tunaoujua sote, ila safari hii umetamkwa kwa lugha ya sala.

Wafini wenyewe, ambao wamisionari wao tunawafahamu katika dayosisi zetu za kusini, waliendelea kutoka hapo. Kuanzia mwaka 1970 Kanisa lao lilikuwa na mazungumzo na Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, na katika mazungumzo hayo Tuomo Mannermaa wa Helsinki alirudi kwenye ufafanuzi wa Luther juu ya Wagalatia wa mwaka 1535. Alionesha kwamba kwa Luther imani si tu kupokea hukumu njema kutoka mbinguni. Kristo mwenyewe yupo ndani ya imani. Wajerumani wengi walipinga, wakihofia kwamba ahadi inayotujia kutoka nje kwa kuhubiriwa itamezwa na mambo ya ndani. Nikiulizwa, nasema Mannermaa amesoma vizuri kilichoandikwa, ila baadhi ya waliomfuata wanazungumza kana kwamba mahubiri ni mlango tu wa kupitia. Luther asingelikubali hilo baada ya Müntzer. Kristo yumo ndani, naam, lakini ameingia kwa sikio.

Nimeshatumia nafasi kubwa kwa wasomi, na msomaji anaweza kudhani kwamba kutafakari kwa Kilutheri ni jambo la maktaba. Basi tumtazame Petro Beskendorf. Alikuwa kinyozi mjini Wittenberg, aliyekuwa akimnyoa Luther, na alimwomba amfundishe kuomba. Luther alimjibu kwa kijitabu kilichotoka mapema mwaka 1535. Ndani yake anaeleza anavyofanya yeye mwenyewe: akiona moyo umepoa kwa shughuli, anachukua Zaburi, anakimbilia chumbani au kanisani, na kuanza kuzisema kwa kinywa Amri Kumi, Imani ya Mitume na maneno ya Kristo, kama watoto wanavyofanya. Hizi ni sehemu zilezile za Katekisimu Ndogo tulizokariri sote. Kila amri anaisokota kama taji la nyuzi nne: amri hii inanifundisha nini, nishukuru kwa lipi, niungame lipi, niombe lipi. Kinyozi hakuhitaji Kilatini kwa hilo.

Kisha linakuja neno ambalo ningetamani kila anayesema kimya si chetu alisome. Luther anamwambia Petro kwamba ikitokea, katikati ya kusema maneno hayo, mawazo mema yakaanza kujaa moyoni, ayaache yale maneno mengine yaende, anyamaze, asikilize, wala asiyazuie, kwa maana hapo Roho Mtakatifu mwenyewe anahubiri, na neno moja la mahubiri yake ni bora kuliko maelfu ya maneno yetu. Kimya hicho hakikutangulia Neno wala hakikulikimbia. Kilizaliwa ndani yake. Na ili Petro aelewe umakini unaotakiwa, Luther alichukua mfano wa kazi yake: kinyozi mzuri hukaza macho na akili kwenye wembe na nywele, maana akianza kupiga soga huku ananyoa, anaweza kumkata mtu mdomo, pua au hata koo.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka mwaka huohuo, Petro alikuwa mezani na jamaa zake. Akamchoma kisu mkwewe, mume wa binti yake, akafa.

Wanahistoria huliandika tukio hili kwa mistari michache, na wengine hulipita kabisa wanapokisifia kijitabu. Sidhani tunaruhusiwa kulipita. Mtu aliyefundishwa kutafakari na Martin Luther mwenyewe, kwa maandishi yaliyolengwa kwake, aliua kabla hata wino haujazeeka. Wanaouza njia za sala kama dawa ya kila kitu, na siku hizi wapo wengi, wa kwetu na wa nje, watafute la kusema hapo. Luther hakuahidi kwamba taji la nyuzi nne litamfanya Petro awe malaika. Alisema tu kwamba hivyo ndivyo mwenye dhambi anavyolishika Neno, na kwamba majaribu yangekuja.

Luther hakumkana. Yeye na marafiki waliingilia kati, na hukumu ya kifo ikaepukwa. Petro alinyang'anywa mali yake, akafukuzwa Wittenberg, akaenda kumalizia siku zake Dessau, mzee asiye na kitu. Kijitabu kiliendelea kuchapwa tena na tena, na jina lake halikubadilishwa: njia rahisi ya kuomba, kwa ajili ya rafiki mwema.